Kabla ya Kumkatia Tiketi

Mazungumzo ya Kamati ya Ustawi kwa wanachama na wageni, siku ya sherehe za Uhuru, Brussels

Ndugu zetu kutoka Kenya, Burundi na Kongo mliokuja kusherehekea nasi, karibuni sana. Haya tunayoyasema hayaulizi pasipoti ya mtu.

Nchi yetu ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, viongozi walitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Kila mwaka katika sherehe hii tunausema umaskini, kwa sababu ndio uliowaleta wengi wetu huku, na tunausema ujinga, kwa sababu tuna watoto shuleni. Maradhi hupata sentensi moja, halafu chakula. Safari hii Kamati imeomba dakika ishirini za maradhi, tena ya aina moja: yale ya akili na ya uraibu, yanayomfanya mtu alazimike kutoka kwake akalale mahali pengine mpaka apate nafuu.

Tuanze na jambo ambalo jumuiya yetu inaliweza. Mtanzania akifariki Brussels, Antwerp au Liège, kundi la WhatsApp linawaka usiku huo huo. Kesho yake kuna mweka hazina wa msiba, kuna wa kwenda ubalozini, kuna kina mama wa chai na maandazi, na siku si nyingi mwili uko kwenye ndege. Hakuna aliyewahi kuachwa. Lakini mtu huyo huyo, miaka miwili kabla, alikuwa hai. Alikuwa hapokei simu. Alionekana Gare du Midi asubuhi amekaa kwenye ngazi, na waliomwona walivuka barabara kwa kuwa hawakujua waanzie wapi kumsalimia. Kwa ajili yake halikuundwa kundi lolote.

Tunamsema bila jina, na tutafanya hivyo mpaka mwisho. Atakayedhani amemtambua mtu atakuwa amebahatisha vibaya, maana tumechanganya habari za watu kadhaa.

Kuna neno ambalo huwa linatufunga mdomo. Nyumbani ukimwambia mtu kwamba yeye ni wa Mirembe, umemtukana. Mirembe ni hospitali tu, iko Dodoma, inapokea wagonjwa tangu 1927, na Waganda wakilitamka neno hilo wanamaanisha amani. Ila sisi tumekua tukilisikia uwanjani kama tusi, pamoja na chizi, mwehu na teja, na tumekuja nalo mpaka Ulaya. Ndiyo maana mama mmoja aliyefika kwetu kuomba ushauri alisema angeona nafuu kama mwanawe angekuwa na kisukari, kwani hapo angesimama mbele ya watu akaomba mchango. Mwanawe anavuta kraki. Alitueleza kwa sauti ya chini, jikoni kwake, mlango umefungwa, na nyumbani hamna mtu mwingine.

Na tukisema unga hapa hatusemi ule wa ugali tunaoununua Matonge. Bandari ya Antwerp ni mmoja wa milango mikubwa ya kokeini barani Ulaya; mwaka 2023 forodha ya Ubelgiji ilikamata tani 116 pale. Zile zinazopita ndizo zinazopikwa zikawa kraki na kuuzwa kwenye vituo vya treni tunamobadilishia usafiri tukienda kazini usiku. Kwa upande wa nyumbani ni heroini, inayokuja kwa majahazi kupitia Bahari ya Hindi. Kijana wetu hahitaji kwenda mbali kuitafuta shida, huku wala kule. Pombe hatuisemi sana, na hiyo ndiyo inayotumaliza kuliko zote, kwa sababu ni halali na iko mezani.

Sasa tiketi. Familia ikichoka, wajomba hukutana, na uamuzi unaofikiwa mara nyingi ni mmoja: arudishwe nyumbani. Anaambiwa bibi anaumwa. Akifika, pasipoti inafichwa. Tunaelewa kwa nini. Watu wamechoka, wameibiwa televisheni, wameitwa polisi usiku, na nyumbani angalau kuna macho ya kumwangalia. Hatumlaumu mjomba yeyote aliyeko humu ndani. Lakini tunaomba msikilize kinachofuata baada ya ndege kuruka.

Kibali cha kuishi Ubelgiji kina masharti. Akikaa nje kupita mwaka mmoja anaweza kupoteza haki ya kurudi, na komuni ikigundua hayupo inamfuta kwenye daftari. Hapo bima ya afya, ile mutuelle tuliyoitafuta kwa jasho, inaondoka pamoja na jina. Kama alikuwa na daktari wa magonjwa ya akili aliyemzoea, dawa alizopangiwa anaweza asizikute kwenye duka la mtaa wake. Na kama ni mtu wa heroini aliyekaa miezi bila kutumia, mwili wake umeshasahau kipimo cha zamani. Siku akirudia, akajipa kile alichokizoea, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Hili tunaomba lirudiwe majumbani, kwa sababu linamhusu kila anayetoka mahali popote alipokaa bila kutumia: hospitali, jela, au kwa shangazi Tandahimba.

Hatusemi nyumbani hakuna tiba. Ipo, na katika mambo mengine tumetangulia. Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, jambo ambalo hospitali ya umma haikuwa imelifanya katika nchi za bara kusini mwa Sahara, na baadaye huduma ikafika Mwananyamala, Temeke, Dodoma, Mbeya na Mwanza. Zanzibar tangu 2009 kuna nyumba za kupata nafuu, watu wanaziita soba hausi, na zimesambaa mpaka Bara. Nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe. Mtu anakaa miezi kadhaa. Anaamka kwa ratiba, anafagia, anapika zamu yake, na kila siku kuna kikao ambapo kila mmoja anasema ukweli wake mbele ya wenzake ambao hawadanganyiki, kwa kuwa uongo huo waliwahi kuusema wao. Kuna waliotoka humo wakawa watu wazima wenye kazi na familia. Lakini nyumba hazifanani. Kabla ya kutuma fedha ya mwezi wa kwanza, uliza kama nyumba imesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uliza daktari anafika lini, na uliza anayetaka kuondoka anafanywaje. Ukijibiwa kwamba anafungwa, tafuta nyingine. Na zaidi ya yote, aende kwa kukubali mwenyewe, akijua anakokwenda. Aliyedanganywa kuhusu bibi hukaa akihesabu siku za kutoroka.

Kwa hiyo kabla ya tiketi, tuangalie kilichopo hapa tulipo, ambacho tunakilipia kila mwezi kupitia mishahara yetu.

Mlango ni daktari wa familia. Huyo ndiye anayeandika barua. Kwa mtu wa pombe hatua ya kwanza ni hospitali, siku chache au wiki mbili tatu, mwili usafishwe chini ya uangalizi. Hapa tunaomba tusimame kidogo. Kuna desturi ya kumfungia mlevi chumbani na maji na uji mpaka arosto iishe. Kwa heroini arosto inatesa, lakini mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haimuui. Kwa pombe ni kinyume cha tunavyodhani: aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kuanguka kama mwenye kifafa, na kufa. Konyagi ni hatari zaidi kuiacha peke yako kuliko unga. Asifungiwe chumbani, apelekwe hospitali.

Baada ya kusafishwa mwili, wengi hurudi kwao siku hiyo hiyo, na wengi wa hao hurudia. Dawa imetoka mwilini, ila rafiki wa kuvuta naye bado anaishi ghorofa ya tatu. Kwa kraki na kokeini hakuna dawa mfano wa methadoni, kwa hiyo mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao ndiyo sehemu kubwa ya tiba yenyewe. Hapa Brussels kuna Enaden, inayopokea kwa kulala walio katika hali ngumu ya uraibu. Karibu na Charleroi, huko Châtelet, kuna Trempoline, jumuiya ya tiba iliyoanza 1985, ambako mtu hukaa miezi mingi, na inapokea hata mzazi pamoja na mtoto wake mdogo. Kina mama, hilo tumelisema kwa ajili yenu, maana wapo wanaokataa kutibiwa kwa hofu ya watoto kuchukuliwa. Na kwa waliotoka hospitali ya akili na bado hawawezi kuishi peke yao kuna nyumba za uangalizi: wagonjwa wachache wanapanga pamoja, kila mmoja na chumba chake, na mhudumu anapita.

Aliyezoea soba hausi akiingia jumuiya ya tiba ya Wallonia ataikuta ni ile ile. Kufagia ni kule kule, zamu ya jikoni ni ile ile, kikao ni kile kile. Tofauti ni lugha. Huwezi kueleza kwa Kifaransa cha dukani namna baba yako alivyokufa. Ombeni mkalimani, SeTIS Bruxelles kazi yake ni hiyo, na anayepaswa kumwita ni mhudumu wa afya. Mtoto wa miaka kumi na miwili asifanywe mkalimani wa mama yake katika mambo haya, hata kama Kifaransa chake kinapendeza. Kwa walioponea vita na safari mbaya, na wanaosubiri kibali bila kujua kesho, kuna kituo cha Ulysse, Ixelles, kilichoundwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Wasio na kibali hutuuliza tukiwa tumebaki wawili. Jibu ni kwamba wana haki ya msaada wa matibabu kupitia CPAS ya komuni wanakoishi. Unaitwa wa dharura, lakini jina linapotosha: amri ya kifalme ya 12 Desemba 1996 inasema unaweza kuwa wa kinga na wa tiba, ili mradi daktari ameandika cheti. Na taarifa zilizo kwenye cheti hicho haziruhusiwi kutumiwa kwa shughuli nyingine. Kulazwa hospitali kunawezekana kwa njia hiyo. Jumuiya za tiba ni ngumu zaidi, kwa sababu zinategemea mutuelle, na hatutaki kuwapa matumaini ya bure.

Swali jingine tunaloulizwa ni kama familia inaweza kutia saini mtu mzima alazwe kwa nguvu. Haiwezi. Sheria ya 26 Juni 1990 inampa kazi hiyo hakimu, na kwanza daktari athibitishe kuna ugonjwa wa akili, kuna hatari kwa mgonjwa au kwa wengine, na njia nyingine zimeshindikana. Uangalizi wa mwanzo hauzidi siku 40. Kunywa tu, au kuvuta tu, kwa kawaida hakutoshi. Baadhi ya wazee wanaiona sheria hii ni ya kizungu mno. Sisi tumeona faida yake moja: inawalazimisha wajomba waongee na mgonjwa mwenyewe.

Kuna mji unaitwa Geel, mkoa wa Antwerp, tungependa chama kipange safari kwenda huko, badala ya kwenda baharini Oostende kila kiangazi. Tangu enzi za kati watu walileta wagonjwa wao wa akili kwenye kanisa la Mtakatifu Dymphna. Nafasi ilipokosekana, wakulima wa jirani waliwalaza majumbani kwao. Wengine hawakuondoka tena. Wakala mezani na wenye nyumba, wakachunga ng'ombe, wakalea watoto wa wenyeji, wakazikwa hapo. Mwaka 1938 walikuwa zaidi ya 3,700 katika nyumba za watu wa mji ule. Baba yake Vincent van Gogh alitaka kumpeleka huko mwaka 1880, Vincent hakwenda. Familia haikuwa ikipewa jina la ugonjwa wa mgeni wake, na hadi leo mgonjwa huitwa mpangaji. Idadi imepungua sana siku hizi, ila utaratibu upo, hospitali ipo nyuma yake, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya mifano bora ya kulinda urithi.

Mzee mmoja wa Kamati alipoisikia habari hii alicheka, akasema kijijini kwao Korogwe hilo halihitaji UNESCO. Ana haki ya kucheka. Katika wilaya hiyo, juu milimani Usambara, ipo Lutindi, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa mahali pa wagonjwa wa akili. Mpaka sasa anayepata nafuu anashika kazi za shamba na za mikono. Lakini tulimwuliza mzee wetu swali moja: hapa Brussels, katika fleti yake ya vyumba viwili, nani angelala sebuleni? Akanyamaza. Hakuna anayedaiwa sebule. Tunachoomba ni kidogo kuliko hicho.

Ndugu yetu mmoja alikaa miezi saba kwenye matibabu. Alipotoka, uzito umerudi, macho meupe, anacheka. Kwanza, fleti hakuikuta. Kodi ilikuwa imelimbikizana, mwenye nyumba ameipangisha, vitu vyake viko kwenye chumba cha chini cha rafiki. Akalala kwa rafiki, na rafiki bado anatumia. Pili, alialikwa harusini, ukumbi kama huu. Mtu akamwekea bia mbele yake, kwa upendo kabisa, akamwambia moja tu, si umeshapona? Alikunywa. Baada ya wiki tatu alikuwa tena kwenye ngazi za stesheni. Daktari hakukosea mahali, na yeye alifanya kila alichoambiwa kwa miezi saba. Kilichokosekana ni kodi ya nyumba na mtu wa kukaa naye meza moja akinywa soda.

Kwa hiyo Kamati inaleta pendekezo. Sehemu moja kati ya tano ya mfuko wa rambirambi itengwe kwa wanachama walio hai wanaolazwa kwa ajili ya akili au uraibu. Itumike kulipa kodi isiyozidi miezi mitatu, moja kwa moja kwa mwenye nyumba, fedha isipite mkononi mwa mgonjwa. Barua ya mahali alipolazwa ionwe na mweka hazina na mzee mmoja tu, isisomwe kikaoni wala kupigwa picha. Wanachama wawili wajitolee kumtembelea kila Jumapili, pale wenyeji wanaporuhusu, maana wiki za mwanzo mara nyingi hawaruhusu wageni. Ulizeni kwanza ni vyakula gani vinapokelewa. Chapati tunadhani hazitakataliwa. Na kwenye sherehe zetu pawe na meza ya vinywaji baridi iliyo mbali na baa, iwe na watu, isiwe na watoto peke yao.

Tumeshasikia pingamizi. La kwanza ni kwamba mfuko ni wa wafu, na tukiuchezea siku ya msiba tutaaibika. Mweka hazina amepiga hesabu za miaka mitano na zitabandikwa ukutani, msiba utatosha. La pili ni kwamba mlevi amejitakia. Tumezika watu wengi katika mji huu na hakuna aliyewahi kuuliza marehemu alikuwa akila chumvi kiasi gani, au kwa nini hakwenda kupima presha. La tatu limetoka kwa ndugu zetu wa dini, kwamba maombi yanatosha. Masheikh na wachungaji wetu wawili tulioongea nao wamekubali jambo hili kwa maneno yao wenyewe: wataomba naye, watamsomea, na hawatamwambia aache vidonge.

Kura itapigwa baada ya chakula, kabla muziki haujaanza, kwa sababu tunajuana. Ni kura ya siri. Karatasi ya kijani ni kukubali, ya njano ni kukataa, na sanduku liko kwa mweka hazina, pembeni ya mlango wa jikoni. Wanaoruhusiwa ni waliolipa ada ya mwaka huu. Ambaye hajalipa anaweza kulipa sasa hivi. Kitabu cha risiti kipo, na chenji ipo.